HER2: kipimo huanzia chumba cha upasuaji

Mmeniomba nieleze jinsi ya kuzitia kromosomu alama zinazong'aa. Nitaanza na formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, na mliowahi kunisikia mnajua siiachi upesi.

Chukueni jeni ya HER2 katika saratani ya matiti, ambayo tunahesabu nakala zake ndani ya seli kuona kama zimezidi. Probu yake, vipande vya DNA vyenye rangi ya chungwa, lazima ipenye hadi ndani ya kiini cha seli ndipo ishikamane na jeni. Titi likilala kwenye ndoo usiku kucha bila kukatwa, formalini hufika milimita chache tu za juu, na katikati tishu inaanza kuoza. Kesho yake pepsini, kimeng'enya tunachotumia kulainisha protini ili probu ipite, inazitafuna seli hizo, na kwenye hadubini viini vyake, vilivyotiwa rangi ya buluu, unavikuta ni pete tupu katikati. Utahesabu nini hapo?

Uvimbe uingie formalini ndani ya saa moja tangu utolewe, umeshakatwa vipande vya unene wa milimita 5. Formalini iwe ya asilimia 10, yenye bafa (chumvi za kuzuia asidi), ujazo wake mara 10 ya tishu. Ukae humo saa 6 hadi 72. Na bafa si urembo! Bila bafa formalini huzidi kuwa na asidi ya fomiki, na asidi hiyo hukatakata DNA.

Najua kuna atakayesema, "Si tubadilishe tu muda wa pepsini?" Kuuongeza hufaa kwa tishu iliyozidishiwa formalini, ambayo protini zake zimefungamana hata probu haipiti. Iliyooza haina dawa. Kwa hiyo saa ya kutoa uvimbe na saa ya kuuzamisha ziandikwe kwenye fomu, na zikikosekana maabara ipige simu siku hiyohiyo.

Mengine nayapitia haraka. Joto la kuoshea probu iliyobaki kwenye slaidi, nyuzi 73, lipimwe ndani ya chombo chenye slaidi, si kwenye maji yanayokizunguka. Kila slaidi unayotumbukiza hulishusha kwa karibu nyuzi 1. Likishuka, probu iliyoshika pasipo pake haitoki, na slaidi nzima inajaa vidoa vya rangi.

Hesabuni angalau seli 20 za saratani vamizi, zisizolaliana. Uwiano wa alama za HER2 kwa alama za kijani za kromosomu 17, ilipo jeni hii, ukifika 2.0, na wastani wa alama za HER2 ukifika 4.0 kwa seli, jibu ni chanya: nakala za jeni zimezidi.

Na sampuli za mfupa: lainisheni kwa EDTA, kemikali inayotoa kalsiamu polepole. Zilizopitia asidi kali msituletee kwa kipimo hiki.