Kabla Hujafungua Pampu ya Ferguson

Hamjambo nyote. Nimepewa nusu saa nizungumzie kufufua trekta kuukuu, zile ndogo zinazokata nyasi Karen na kuvuta trela huko Limuru. Najua wengi mmekuja kusikia habari za rangi. Rangi itasubiri. Naanza na haidroliki, ile nguvu ya oili inayoinua mikono ya nyuma ya trekta, na waliokwisha kunisikia nikilalamika juu ya haidroliki wana ruhusa ya kwenda kuchukua chai.

Kwenye Ferguson TE20, ile ya kijivu iliyotengenezwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, na kwa mdogo wake Massey Ferguson 35, pampu imelala tumboni mwa trekta, ndani ya oili ileile ya giaboksi na difu. Inazungushwa na PTO, ile shafti inayotoa nguvu ya injini nyuma kuendesha vifaa. Sasa nisikilizeni: leva ya PTO ikiwa haijaingizwa kazini, pampu haizunguki, na mikono haitainuka hata uifanyie maombi. Lakini nini hutokea? Fundi anaitwa, anaambiwa haidroliki imekufa. Anafungua bolti za kifuniko cha juu, anakinyanyua kwa cheni, anazamia pampu. Siku tatu baadaye oili imemwagika uwanja mzima, na leva ya PTO pale ubavuni kushoto haijaguswa na mtu.

Utasema hilo ni kosa la wageni. Haya, wewe mwenyeji: ukikanyaga klachi mikono ikakataa kupanda, trekta ni mbovu? Kama ni 35 yenye klachi moja, hivyo ndivyo ilivyoundwa, kwa sababu klachi hiyo inakata magurudumu na PTO pamoja. Yenye klachi ya hatua mbili, ukikanyaga nusu magurudumu husimama na pampu huendelea. Ukikanyaga mpaka chini, vyote husimama. Hakuna spea ya kununua hapo.

Leva ikiwa mahali pake na bado mikono imelala, chomoa dipstiki ya tumbo, kile kijiti cha kupimia oili. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, umeshampata adui wako. Kimpira kwenye shina la leva ya gia hupasuka, trekta hulala nje msimu mzima wa masika, na maji huteremka moja kwa moja ndani. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo hukaa chini, na chini ndiko pampu inakonyonya. Halafu mtu anakimbilia Grogan, kwa wauza spea wa Nairobi, kununua pampu nyingine, anaifunga, anaitumbukiza kwenye supu ileile. Ikifa ya pili, lawama zote kwa muuzaji!

Fanya hivi. Iache trekta itulie usiku kucha. Asubuhi, bila kuiwasha, legeza plagi ya chini polepole, maji yatatangulia. Yakiisha, ifunge, washa, iendeshe mpaka tumbo lipate joto, kisha mwaga yote ikiwa moto. Plagi za kumwagia ni zaidi ya moja, zifungue zote na uziache wazi mpaka kesho. Toa kifuniko cha kulia kilichobeba dipstiki, mulika tochi, uchote ule utope wa kijivu. Badilisha kimpira cha leva kabla ya kujaza, maana bila hivyo umeoga ukavaa nguo chafu. Jaza oili ya trekta, ile inayohudumia gia na haidroliki kwa pamoja. 35 hula karibu lita 30. Ndiyo, ni pesa. Ukijaza oili ya kuokoteza, utailipa mara mbili.

Baada ya hapo ndipo unapima. Inua mzigo, zima injini, utazame. Ukishuka kwa sekunde chache, usikimbilie kuilaumu pampu: mara nyingi mafuta yanavuja juu yake, kwenye oringi ya bomba linalopanda au kwenye pistoni ya kuinulia. Mikono ikipanda kwa kukohoakohoa, hapo ndipo valvu za pampu zinashukiwa. Ikipanda vizuri asubuhi na kuchoka oili ikipata moto, pampu huenda imelika. Sasa fungua, kwa baraka zangu zote.

Naona nimeonyeshwa saa. Basi haraka haraka. Injini iliyoshika, isiyozunguka, usiivute kwa trekta nyingine, utapinda konrodi, mkono wa pistoni. Toa nozeli za kunyunyizia dizeli, mimina dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi ya otomatiki kwenye kila silinda, subiri siku kadhaa, kisha ichokoze kwa spana kwenye nati ya mbele ya krenki, mbele na nyuma, kidogo kidogo. Unaponunua 35 ya dizeli, hesabu mabomba ya nozeli. Manne ni injini ya Standard, na asubuhi ya baridi Limuru itakutukanisha. Matatu ni Perkins: nafasi ya valvu inchi 0.012 injini ikiwa baridi, silinda huwaka kwa mpangilio wa 1-2-3, na karakana za leth za Industrial Area zinaijua.

Rangi, kwa kuwa mtaniuliza tu. TE20 ni kijivu mwili mzima. 35 ya Massey ni nyekundu kwenye mabati, lakini injini na tumbo ni kijivu. Anayepulizia nyekundu mpaka kwenye giaboksi anaficha uvujaji, na mnunuzi mjanja huanza kukagua hapohapo.

Tairi za mbele za TE20, 4.00-19, tutazizungumza siku nyingine, ni kilio chake peke yake. Karibuni maswali. Na mwenye swali la pampu, aniambie kwanza leva ya PTO iko upande gani.