Aliyeingia Yuko Wapi? Mhadhara Kuhusu Takwimu za Uhamiaji

Ndugu zangu, karibuni, na poleni na foleni ya Ubungo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kipimo walikuwa nacho. Umoja wa Mataifa nao una chake: aliyehamia nchi nyingine kwa angalau miezi 12 ni mhamiaji wa muda mrefu. Sasa mfikirieni afisa wa uhamiaji pale uwanja wa Julius Nyerere. Anagonga muhuri leo. Miezi 12 iko mbele yake. Anachopokea ni nia ya msafiri, na nia hubadilika mtu akipata kazi, au mchumba.

Kila Bunge la bajeti, Waziri wa Mambo ya Ndani husoma pale Dodoma idadi ya walioingia na waliotoka, vibali vilivyotolewa, wahamiaji haramu waliokamatwa. Sibishani nazo. Ila hizo ni hesabu za kazi ya ofisi. Mfanyabiashara wa Nakonde, upande wa Zambia, anayekuja kwetu Tunduma kila wiki huingia kwenye daftari kila anapovuka, ilhali ni mtu mmoja. Anayepita njia ya panya hamo kabisa. Na waliokamatwa wakiongezeka, je, ni wahamiaji walioongezeka au ni doria?

Waingereza wamelipia somo hili. Tangu 1961 walikuwa na dodoso la abiria bandarini na viwanja vya ndege, lililokusudiwa zaidi utalii na fedha za wasafiri. Baadaye likabebeshwa kazi ya kukadiria uhamiaji, na mwaka 2010 David Cameron, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka huo huo, akaahidi kuushusha uhamiaji halisi, yaani walioingia kutoa waliotoka, chini ya 100,000. Dodoso likaonyesha kana kwamba wanafunzi wa kigeni wengi mno hawaondoki wakimaliza masomo. Wakatungiwa masharti makali. Ukaguzi wa wanaotoka ulirejeshwa 2015, na matokeo yalipochapishwa 2017 yakaonyesha kuwa zaidi ya asilimia 97 ya wanafunzi waliofikia mwisho wa viza zao waliondoka kwa wakati. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakigombania kivuli!

Machi 2020 Korona ikalisimamisha dodoso, wakahamia kwenye kumbukumbu za viza na za serikali. Hata hivyo, uhamiaji halisi wa mwaka ulioishia Juni 2023 ulitangazwa kuwa 672,000, ukarekebishwa kuwa 740,000, kisha 906,000. Wapo watakaocheka. Mimi nawapa heko, kwa sababu kila marekebisho yalitoka hadharani pamoja na sababu zake. Tarakimu isiyorekebishwa kamwe ndiyo inayonitia shaka.

Na wakati mwingine jedwali hubadilika bila mtu kusogea. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000, wakimbizi wa Burundi wa 1972 na watoto wao. Waliotoka safu ya wakimbizi wakaingia safu ya raia walikuwa bado pale pale kwenye makazi yao ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakilima mashamba yale yale.

Nimalizie na muda wa kusubiri, maana hapo ndipo mwananchi anapokutana na ofisi. Ofisi ikisema kibali huchukua wastani wa siku kadhaa, kwa kawaida imehesabu mafaili yaliyokwisha tu. Ikishughulikia mepesi na kuyaacha magumu, wastani unapendeza. Siku ikiamua kuyamaliza ya zamani, wastani unapaa, na mwezi iliojituma kuliko yote unaonekana wa uvivu. Kwa hiyo waandishi wa habari mliomo humu, ulizeni yale ambayo bado yako mezani: ni mangapi, na lililo kongwe kuliko yote lina umri gani?

Haya, maswali.