Kwanza Uzi, Ndipo Bunduki

Mhadhara uliotolewa Jinja, Uganda, mbele ya wafanyabiashara na wakazi

Mheshimiwa mwenyekiti, viongozi wa LC, yaani mabaraza yetu ya mitaa, mliofika, wazee wangu, akina mama, na ninyi vijana mliosimama karibu na mlango kana kwamba mnataka kuwa wa kwanza kutoka, nawashukuru kwa kunialika. Nimefanya kazi ya silaha kwa miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa mtunza ghala, yaani yule mtu anayezihesabu bunduki asubuhi na jioni na kukosa usingizi inapopungua moja. Tangu nistaafu, hakuna swali ninaloulizwa zaidi ya hili: "Afande, ninunue bunduki gani?" Nimeulizwa sokoni, nimeulizwa msibani, na hivi majuzi nimeulizwa na daktari aliyekuwa ameshika sindano, nami nikiwa nimelala kifudifudi katika hali isiyoniruhusu kubishana.

Habari za leseni sitazirefusha, kwa sababu mnazijua. Sheria ya Silaha za Moto ni ya mwaka 1970. Kuna barua ya LC1, yaani baraza la kijiji, kuna DPC, mkuu wa polisi wa wilaya, na njia inaishia kwa IGP, mkuu wa polisi wa nchi nzima. Tena, baada ya Mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa Kawanda mwezi Juni 2018, Rais aliagiza kila bunduki ichukuliwe alama zake, kama binadamu anavyochukuliwa alama za vidole. Anayetafuta njia ya mkato amekosea ukumbi; mkutano wake ni mwingine, na chai ya huko hupikwa na askari magereza.

Wala sitamcheka mtu kwa hofu yake. Nani asiyekumbuka Masaka mwaka 2021, kuanzia Julai hadi Septemba, wazee walipokuwa wakikatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao, na waliouawa wakapindukia 20? Mtu aliyelala na masikio wazi majuma mazima ana haki ya kuuliza atajilinda kwa nini. Ninachokataa ni kwamba jibu lianzie kwenye jina la bastola.

Nianze na jambo jepesi, yaani shabaha ya michezo, kwa sababu wengi mnaichanganya na ulinzi. Kijana mmoja aliniletea kwenye simu picha ya Yusuf Dikeç, yule Mturuki wa Paris 2024, mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida, akipiga shabaha kama mtu anayesubiri teksi, akaniambia, "Unaona, Afande, haihitaji mambo mengi." Nikamwambia kwamba bwana yule alikuwa na miaka 51, kwamba hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya tano, kwamba medali yake ya fedha aliipata pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan, na kwamba mkono mfukoni si maringo, bali ni namna ya kuutuliza mwili usiyumbe. Tena alichoshika ni bastola ya upepo, ambayo kidonge chake cha milimita 4.5 hupigwa kwa umbali wa mita 10.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wauzaji hawawaambii. Kanuni za mashindano hayo zinataka triga ya bastola ya upepo isivutike kwa uzito ulio chini ya gramu 500, nao wachezaji huiweka palepale karibu na mpaka huo, kwa sababu wanataka risasi itoke kabla mkono haujatikisika. Bastola ya kawaida ya askari huhitaji kama kilo mbili na nusu. Mchezaji amesimama mchana, ametulia, anapumua kwa hesabu, na hakuna mtu mbele yake. Wewe utakuwa umeamka saa nane usiku, umeme umekatika, moyo unapiga ngoma, na kidole chako ni kigumu kama mti. Mpe mtu wa namna hiyo triga ya gramu 500, na risasi itatoka kabla yeye mwenyewe hajaamua. Kwa hiyo anayeniuliza kama anaweza kununua moja ya kufanyia kazi zote mbili, michezo Jumamosi na ulinzi usiku, namjibu kwamba viatu vya harusi havilimi shamba.

Kwa kujifunza, anza na bunduki ya upepo, kisha .22, yaani bunduki ndogo ya risasi nyembamba. Risasi ya .22 ina uzito wa gramu mbili na nusu hivi, haikupigi bega, bei yake ni nafuu kuliko za ndugu zake wakubwa, na itakuonyesha makosa yako yote bila kelele nyingi. Ila msiidharau kwa udogo wake, kwani ikirushwa juu huweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu. Pahali pa shabaha pasipokuwa na tuta la udongo nyuma yake si pahali pa shabaha, hata kama mwenye shamba ni shemeji yako na amekuruhusu.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa: kile kilichoko nyuma ya shabaha.

Miaka michache iliyopita mfanyabiashara mmoja, jina lake nalihifadhi kwa kuwa bado ananisalimia, alinijia akiwa amekwisha kuchagua. Alikuwa na karatasi yenye majina manne ya bastola, ameyapanga kwa idadi ya risasi zinazoingia katika magazini, ile ya risasi 17 ikiwa juu. Nikamwambia, "Mzee, kabla sijaisoma karatasi hii, nenda dukani uninunulie uzi wa fundi mwashi, ule wa nailoni wanaonyooshea matofali, na misumari sita." Alidhani nimezeeka vibaya. Hata hivyo aliuleta, wa rangi ya machungwa, nasi tukaenda nyumbani kwake.

Nilimwambia asimame mahali ambapo yeye mwenyewe angesimama iwapo mwizi angevunja mlango wa mbele, naye akajichagulia mlango wa chumba chake cha kulala, mkono umenyooka, kama walivyo wote. Nilifunga uzi kwenye kitasa cha mlango wake, usawa wa kifua, nikaupitisha kwenye ujia, nikaukatisha sebuleni, nikaufikisha mlango wa mbele. Mlango ule ulikuwa wa mbao nyembamba zenye uwazi katikati, ambazo risasi ya bastola ya milimita 9 huzitoboa kama karatasi na kuendelea na safari yake. Tukafungua mlango, tukauendeleza uzi uleule mpaka nje, nao ukavuka ua, ukapita katikati ya vyuma vya geti, ukaangukia kibarazani kwa jirani, pale ambapo mama mmoja alikuwa anakaanga kabalagala. Yule mama alituuliza kama tunapima kiwanja. Mwenye nyumba hakujibu.

Tulirudi ndani. Nikasema, basi tuchukulie kwamba mwizi ameingia kupitia dirisha la jikoni. Tukafunga uzi wa pili kutoka kitasa kilekile kuelekea jikoni. Uzi huo ulikutana na ukuta ambao si ukuta, bali ni mbao laini za dari zilizosimamishwa ili kukigawa chumba kimoja kuwa viwili. Nikatoboa tundu dogo kwa msumari, kwa idhini yake, na nikamwomba azunguke upande wa pili anieleze uzi umetokea wapi. Alikaa kimya muda mrefu kidogo. Ulikuwa umetokea juu ya mto wa kitanda cha juu cha watoto, kile cha ghorofa, kiasi cha kiganja kimoja kutoka ukutani. Mwanawe wa pili ndiye aliyelala pale.

Najua mtakalosema, kwa maana nimekwisha kuambiwa hapa hapa Jinja: "Afande, katika hatari nitapiga vizuri, sitakosa." Ndugu yangu, hata askari waliozoeshwa, kwa umbali wa hatua chache, risasi zao nyingi huenda pembeni mambo yanapochemka, na hata ukipata, risasi ya milimita 9 ya kawaida, iliyofunikwa shaba nzima, hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde na huweza kupita mwilini mwa mtu na kutokea upande wa pili. Uzi hauulizi kama umepata au umekosa. Uzi unakuonyesha tu ni nani anayelala mwishoni mwake.

Na mtu mwingine atasema, "Basi nyumba yangu ni ya matofali." Matofali yapi? Wengi wetu tunaishi katika vyumba vya kupanga vilivyoshikana, ukuta mmoja kwa familia mbili, tofali moja la udongo lililosimamishwa kwa ubavu na lipu ya sentimita moja, na juu dari linapita bila kizuizi kutoka mpangaji wa kwanza hadi wa sita. Usiku unasikia jirani akikohoa. Sasa unafikiri risasi itashindwa pale kikohozi kilipopita?

Uzi wa tatu ndio uliotuokoa. Nilimwambia asisimame mlangoni, aende pembeni ya chumba chake, nyuma ya kitanda, atazame mlango wake mwenyewe. Tukafunga. Uzi ulipita mlangoni ukaishia kwenye ukuta wa nje, wa tofali mbili na zege, ambao nyuma yake kuna kilima. Katika nyumba nzima ya vyumba vitano, huo ulikuwa mstari mmoja tu usiokuwa na mtoto, mke, mtumishi wala jirani. Maana yake ni kwamba kazi yake usiku haikuwa kwenda sebuleni kumtafuta mwizi. Kazi yake ilikuwa kuwakusanya watu wake katika chumba kile, kufunga mlango, na kupiga 999 akiwa nyuma ya kitanda. Kwa hiyo akabadilisha mlango wa chumba akaweka wa mninga wenye komeo mbili, akahamisha kitanda cha watoto, akaweka taa ya jua nje. Ile karatasi ya majina manne ninayo mpaka leo, hakuja kuidai.

Mlango huo mnaweza kuudharau, lakini fikirini hivi. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu hukimbia mita 6.4 kwa sekunde moja na nusu. Pimeni sebule zenu. Anayeamka usingizini, akatafuta ufunguo, akafungua sanduku, akakoki, hana sekunde moja na nusu. Komeo ndiyo inayompa dakika.

Sasa, kwa wale ambao baada ya uzi bado wanahitaji silaha, na wapo, hasa walio mbali na kituo cha polisi, nitasema kwa haraka maana namwona mwenyekiti anaangalia saa. Bunduki ya marisau ya geji 12, yaani ile inayorusha vidonge vingi vya risasi kwa mkupuo mmoja, ndiyo ninayoipendelea kuliko bastola kwa nyumba iliyo peke yake, kwa sababu ina sehemu tatu za kuishikia, yaani mikono miwili na bega, hivyo mtu asiye na mazoezi mengi huielekeza vizuri zaidi. Lakini achaneni na hadithi kwamba marisau hutapakaa chumba kizima na hivyo hakuna haja ya kulenga. Kwa umbali wa mita tano, marisau makubwa tisa hutua pamoja katika eneo lisilozidi kiganja. Usipolenga, utakosa kwa yote tisa, na kila moja lina milimita 8 na zaidi na litapita katika mbao za dari kama risasi ya bastola. Bunduki ya kivita sitaijadili. Si ya raia, na risasi yake ina nguvu mara nne ya ile ya milimita 9, kwa hiyo ungehitaji uzi wa kufika kijiji cha pili.

Bastola huichagua mtu anayetembea na fedha, na ambaye yuko tayari kwenda kufanya mazoezi mara kwa mara. Asiyekuwa tayari, asinunue. Chagueni inayokaa mkononi, si inayokaa vizuri kwenye picha: kidole kifikie triga bila kuupinda mkono, na mke wako, kama naye ameidhinishwa, aweze kuivuta nyuma sehemu ya juu ya bastola bila kuomba msaada.

Na yule anayesema kwamba ataajiri mlinzi ili bunduki iwe mikononi mwa mwingine, akumbuke kwamba tarehe 2 Mei 2023 Waziri Charles Engola aliuawa nyumbani kwake Kyanja na mlinzi wake mwenyewe. Sisemi msiajiri. Nasema uzi hupimwa pia kutoka getini kuelekea ndani.

Nilikuwa na mambo ya utunzaji, ya kuziba masikio wakati wa mazoezi, na ya unyevu wa ziwa unaokula mitutu yetu hapa Jinja, lakini naona muda umekwisha. Sanduku la chuma lifungwe kwa boliti ukutani, ufunguo usikae juu ya kabati, maana watoto walikwisha kujua juu ya kabati kuna nini kabla ninyi hamjahamia.

Nimalizie na bibi aliyeniuliza pale getini habari ya bastola ya marehemu mumewe iliyobaki kwenye sanduku la nguo. Nnyabo, leseni ilikuwa ya mzee, nayo hairithiwi kama ng'ombe. Usiiguse, wala usimpe kijana yeyote aisafishe. Kesho asubuhi nenda kituoni mikono mitupu pamoja na mwenyekiti wa LC, ueleze, na wao waje kuichukua. Ukiona vigumu, nipitie saa mbili, tutakwenda pamoja.