Ukoko si wa Wateja

SALIM: Da Zuu, Jumanne simu ilinizimikia Kariakoo, na ndiyo kwanza nimekaa kwa mama ntilie. Wali wa nazi, maharage, kisamvu pembeni.

ZUHURA: Wewe bila simu? Ulikula na nani?

SALIM: Na nafsi yangu. Tonge la tatu hivi nikakutana na iliki. Miaka yote nakula pale, sikuwahi kujua kama anatia iliki.

ZUHURA: Ungejuaje? Ulikuwa unatafuna habari za Simba na Yanga.

SALIM: Nikasema alhamdulillah, safari hii kwa moyo. Halafu nikaomba ukoko.

ZUHURA: (anacheka) Ukapewa?

SALIM: "Ukoko si wa wateja, mwanangu."

ZUHURA: Kongole kwake!

SALIM: Subiri, nina dalili. Iko kwenye hadithi za Sahihi Muslim: Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha turambe vidole na tusafishe sahani, maana hatujui baraka iko sehemu gani ya chakula. Sasa nani kasema haiko chini ya sufuria?

ZUHURA: Sahani yako, Salim. Siyo sufuria ya watu.

SALIM: Mkipalia moto si unatoka ukoko hata juu? Nipeni huo basi.

ZUHURA: Wa juu wa watoto. Bibi yetu Tanga alikuwa anaupasua kwa mwiko, kila mmoja kipande chake. Anayelia hapati.

SALIM: Turudi kwenye mada.

ZUHURA: Hii ndiyo mada!

SALIM: Mada ni muraqaba. Kujua Mola anakuona, uwe unakula, uwe kazini. Imamu Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, adabu za kula kaziandikia kitabu kizima ndani ya Ihya, mkusanyo wake mkubwa wa vitabu vya dini.

ZUHURA: Alikuwa anapika?

SALIM: Da Zuu! Wewe mwenyewe ulishaniambia unausikiliza wali.

ZUHURA: Nausikiliza, ndiyo. Tui likichemka sufuria inanguruma. Likikaukia sauti inakuwa nyembamba, inachakarika. Hapo napunguza mkaa wa chini, napalia juu. Lakini hiyo siyo muraqaba, huo ni woga wa kuunguza kilo mbili za mchele.

SALIM: Si umehudhuria? Umetulia na kazi yako?

ZUHURA: Masikio yako kwenye sufuria, moyo uko kwenye kodi ya nyumba. Wewe ulitulia kwa sababu kuna mtu aliamka alfajiri kukuna nazi. Kamuulize kama naye alitulia.

SALIM: Na kama alitulia? Mbona unamsemea? Bibi yangu alikuwa akichagua mchele anadhukuru, kila chuya na tasbihi yake.

ZUHURA: Alidhukuru ili asichoke.

SALIM: Umejuaje?

ZUHURA: Wewe umejuaje?

(kimya)

SALIM: Hapo sikubali.

ZUHURA: Na mimi sirudi nyuma.

SALIM: Haya. Niliandaa mambo matatu ya kufanya mtu akikaa kula. La kwanza, tumbo mafungu matatu: theluthi chakula, theluthi kinywaji, theluthi pumzi...

ZUHURA: Fundi mitambo ananionyesha dakika moja.

SALIM: Moja! Na la pili?

ZUHURA: Liandike kwenye maelezo ya kipindi. Wasikilizaji, tutumieni sauti WhatsApp: kwenu ukoko anakula nani?

SALIM: Hilo siyo swali la leo! Swali ni kama mpishi naye...

ZUHURA: Wanaume mnaosema "mimi", tajeni na nani aliosha sufuria. Asalaam alaikum.