Moshi wa Dar Huanzia Porini

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Najua foleni ya jioni hii. Nimeombwa nizungumzie kukua kwa miji na hewa ukaa. Nitabaki Dar es Salaam, ninakoishi.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 katika mkoa huu. Ya 2022 ikakuta milioni 5.38. Ukitaja ukaa wa jiji, wengi wanafikiria magari. Yamo. Aliyejenga Chanika, pembezoni mwa jiji, kwa kuwa ndiko alikomudu kiwanja, na kazi yake iko Posta, katikati ya jiji, anatumia mafuta kila siku ambayo anayeishi karibu na Posta hayahitaji. Mwendokasi, usafiri wa mabasi yenye njia yake, ulioanza 2016 umewasaidia wa Kimara. Wengi wamejenga mbali na njia yake. Lakini leo nataka tuingie jikoni.

Kijijini mama huokota kuni, mara nyingi matawi makavu. Akihamia Manzese, chumba kimoja, kupikia kuni hakuwezekani: moshi, na pa kuziweka hakuna. Anahamia kwenye mkaa. Hapo ndipo mji unapobadilisha hesabu yote, kwa sababu mkaa unataka mti mzima, uliokatwa shinani. Magogo yanapangwa, yanafunikwa majani na udongo, yanaungua siku kadhaa kwa hewa kidogo. Sehemu kubwa ya nguvu ya mti inapotelea humo tanurini, na pamoja na hewa ukaa inatoka methani, gesi inayonasa joto mara nyingi zaidi kuliko hewa ukaa. Mama yule anapowasha jiko lake kupika maharage, moshi mwingi wa chungu kile umeshatoka Kisarawe au Rufiji. Yeye hajauona, na sisi hatukuuhesabu.

Watafiti waliufuatilia mkaa huu. Mwaka 1991 ulikuwa ukichomwa takriban kilomita 20 kutoka jijini. Kufikia 2005, ukataji ulishasogea hadi kilomita 50. Sasa magunia yanafika hata kutoka Kilosa, mkoani Morogoro, kwa lori, nalo linachoma dizeli njia nzima. Kila mtaa mpya unaoota huku, msitu unarudi nyuma kule. Jambo hili linaniuma.

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Naliunga mkono kwa moyo wote. Ila tuseme kweli kuhusu mfuko wa mtu: kujaza mtungi wa gesi kunataka fedha ya mkupuo, na mkaa unauzwa kwa kopo. Anayelipwa kibarua cha siku atanunua kopo, hata kama kwa mwezi linamgharimu zaidi. Mita za gesi za kulipia kidogo kidogo kwa simu zimeshaanza. Hizo ndizo ningetaka zifike Mbagala na Tandale kabla ya kampeni nyingine ya kugawa mitungi.

Na ninyi wa halmashauri mlioketi mbele, mtakapopima ukaa wa jiji hili, msiishie Kibamba, mpakani mwa jiji. Hesabuni na matanuri.