Hiyo reli ya tatu unaipachika wapi?

Haya, asanteni, kaeni. Najua kuna mtu hapa atanyoosha mkono aulize kwa nini TRC, shirika la reli la Tanzania, na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, wasiongeze tu reli moja pembeni, juu ya mataruma yaleyale, yale magogo yanayobeba reli, treni zote zipite, kwa hiyo namjibu sasa hivi tusipotezeane muda.

Geji, yaani upana kati ya reli mbili, kwa Reli ya Kati ya TRC ni milimita 1000. TAZARA ni 1067, maana ilibidi ilingane na ya Zambia. Toa. Zinabaki 67. Sentimita sita na kitu, jamani, na geji inapimwa ndani kwa ndani, sasa kichwa chenyewe cha reli, pale juu gurudumu linapokanyaga, kina karibu sentimita 7, na kitako kinachokaa kwenye taruma kinazidi 10. Haya, niambie, hiyo ya tatu inakaa wapi, mgongoni mwa mwenzake? Na bado ukingo wa gurudumu unataka mwanya wake, na vifungio navyo vinataka nafasi.

Mwingine atasema basi weka reli nne, jozi mbili zipishane. Inawezekana, sikatai, ila treni moja itapita imesogea upande kuliko nyingine, sasa platifomu unaijenga kwa kumfuata nani? Ndo maana Kidatu, njia hizo mbili zinapokutana, mwaka 1998 wakajenga kituo cha kuhamishia mizigo, kontena linanyanyuliwa huku linashushwa kule. Kazi ngumu, lakini inaenda.

Kinachoniudhi mimi ni kwamba pale inapowezekana hakuna anayeuliza! SGR, ile reli mpya, ni 1435, toa 1000 ya Reli ya Kati, unabaki na 435, hapo reli ya tatu inakaa kwa raha zake. Vietnam wanayo, Hanoi mpaka Dong Dang mpakani na China, reli moja ya kushea na mbili upande wa pili. "Oo, mwendokasi." Bwana we, nani kasema treni ya kilomita 160 kwa saa ipite kwenye kona za reli ya zamani ya Mjerumani? Nazungumzia yadi, bandarini, sehemu treni zinatambaa tu. Taruma litengenezwe kubeba ile nzito, nyepesi itapita. Peterborough kule Australia Kusini yadi moja ilikuwa na geji tatu, 1067, 1435 na 1600, na watu wakafanya kazi.

Sasa swichi, njia zinapoachana, hapo ndo hela inapoishia, reli zinakatana hovyo na kila makutano yanataka mwanya wake, ila mchoro wake ni mrefu na naona mwenyekiti kashasimama.