Faili Dogo Si Faili Jepesi: Mhadhara kwa Wanaonunua Kompyuta ya Kwanza ya Kuhariri Video na Uhuishaji

Asanteni. Kaeni, tuanze, maana muda niliopewa ni mfupi na mimi nina maneno mengi.

Najua wengi wenu mmekuja na daftari mkingoja niwasomee orodha: prosesa hii, kadi ile, kanunueni. Orodha sitatoa. Orodha ya vipuri huchakaa upesi, na mtu akiikuta baada ya mwaka itampotosha. Nitawapa swali, na wanafunzi wangu wanajua nitalirudia mpaka masikio yaume: faili utakazohariri ni za aina gani, na programu utakayotumia inaelemea kipuri kipi? Asiyeweza kujibu swali hilo asitoe pesa yake bado. Akae kwanza, afungue faili moja kutoka kwenye kamera yake, asome sifa zake.

Watu hawafanyi hivyo. Wanaanza na kadi ya michoro. Wametazama majedwali ya kasi ya gemu, wameona kadi fulani inaongoza, wamemaliza robo tatu ya bajeti hapo, na kinachobaki wanakigawa kwa vipuri vingine vyote. Gemu na uhariri wa video ni kazi mbili tofauti! Katika gemu, kompyuta inachora picha mpya kila mara. Katika uhariri, kabla ya lolote lile, kompyuta inafungua picha zilizokwisha kurekodiwa na kubanwa. Kufungua huko ndiko kunakowatoa watu jasho, na hakuna anayewaambia mapema.

Kijana mmoja aliniletea kompyuta yake akisema ni mbovu. Nikaiangalia. Kadi ya michoro ya bei kubwa, RAM (kumbukumbu ya kazi inayoendelea) gigabaiti 64, prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yenye viini vingi vya kupigia hesabu, feni zinawaka rangi zote. Akaweka klipu moja, moja tu, kwenye taimlaini, ule mstari wa kupangia klipu, akabonyeza kucheza. Sauti ikaendelea, picha ikaganda. Ikaruka. Ikaganda tena. Anasema, "Mwalimu, simu yangu inaicheza video hii hii bila shida." Na kweli ilikuwa hivyo. Fundi aliyemuunganishia alishambadilishia RAM mara mbili, na hakuna kilichobadilika.

Nikamwambia tufungue sifa za faili. H.265, biti 10, 4:2:2: yaani njia ya kubana video, wingi wa ngazi za rangi, na kiasi cha rangi kinachohifadhiwa. Nikajua.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo pesa zenu zinapopotelea. Fremu moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8. Video ya 4:2:2 ya biti 10, fremu 25 kwa sekunde, ikiachwa bila kubanwa, inafika kama megabaiti 518 kila sekunde. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inaiweka kwenye megabaiti 12.5, maana baiti moja ni biti 8. Imebanwa zaidi ya mara 40. Huo ubanaji haukuja bure. Kamera imefanya hesabu nzito ili faili liwe dogo, na kila unapolitazama, kompyuta yako inalazimika kuzifumua hesabu hizo upya. Ndiyo maana nasema faili dogo si faili jepesi. Mara nyingi faili dogo ndilo zito.

Inabanwa vipi? H.264, iliyotoka mwaka 2003, na H.265 iliyoifuata mwaka 2013, kwa kawaida hazihifadhi kila fremu kamili. Ni kama shajara ya mtu mvivu wa kuandika: Jumatatu anaeleza kila kitu, Jumanne anaandika "kama jana, ila mvua imenyesha," Jumatano "kama jana, ila mgeni ameondoka." Ukitaka kujua Alhamisi nyumbani kulikuwaje, huna budi kurudi Jumatatu na kusoma zote. Tena baadhi ya fremu hutegemea hata zile zinazokuja baada yake. Simu inacheza kwa wepesi kwa sababu ina sakiti inayoijua aina hiyo ya faili, nitaieleza punde, tena inakwenda mbele tu, fremu kwa fremu. Mhariri hachezi hivyo. Anaruka, anarudi nyuma, anakata, anapanga klipu tatu juu ya nyingine. Kila anaporuka, kompyuta inatafuta Jumatatu ya karibu na kuanza kusoma.

Kazi hiyo inafanywa kwa haraka na king'amuzi, sakiti ndogo maalumu iliyomo ndani ya kadi ya michoro au ndani ya prosesa. King'amuzi hiki hakina uhusiano na ukubwa wa kadi. Kadi inaweza kuwa na maelfu ya viini vya kuchora, na king'amuzi chake kisijue aina yako ya faili. Kikiwa hakijui, mzigo wote unaangukia viini vya kawaida vya prosesa, na hapo ndipo picha inapoganda.

Kadi ya yule kijana ilijua H.265 ya 4:2:0, lakini 4:2:2 haikuijua. Tofauti yake ni kiasi cha rangi kinachohifadhiwa: 4:2:2 inabakiza rangi mara mbili ya 4:2:0, ndiyo maana wanaofanya kazi ya rangi na ya pazia la kijani wanaipenda. Kwa miaka mingi kadi za GeForce za NVIDIA hazikuwa na king'amuzi cha 4:2:2, mpaka familia ya RTX 50 ilipotoka mwaka 2025. Wakati huohuo Intel walikuwa nacho cha H.265 ya 4:2:2 ya biti 10 ndani ya prosesa zao za mezani tangu kizazi cha 11, kwenye ile sehemu ndogo ya michoro ambayo wauzaji wengi huidharau. Chipu za Apple nazo zimekuwa nacho tangu M1 ya mwaka 2020.

Mtauliza: je, prosesa ya kijana haikuwa ya Intel? Ilikuwa ya Intel, ya kizazi kipya cha kutosha, lakini jina lake liliishia na herufi F. Herufi hiyo maana yake ni kwamba sehemu ya michoro iliyo ndani ya prosesa haifanyi kazi, na king'amuzi kimekwenda nayo. Aliambiwa, "Una kadi kubwa, michoro ya ndani ya nini? Chukua ya F, utaokoa kidogo." Akaokoa kidogo. Kipuri ambacho kingemfungulia faili zake zote alikiacha dukani kwa ajili ya akiba ile. Jambo hili hunikera kila ninapolikumbuka, na ndiyo sababu nalisimulia kila ninapopewa kipaza sauti!

Namwona mtu kule nyuma anaandika "nunua Intel". Futa hiyo. Sikusema hivyo. H.264 ya 4:2:2 ya biti 10 ni habari nyingine, na zipo kamera zinazorekodi hivyo. Hapo king'amuzi cha Intel nilichokitaja hakikusaidii, ila cha RTX 50 kinaiweza. Na kama unarekodi kwa simu, au kwa kamera ya kawaida ya 4:2:0, karibu kila prosesa au kadi ya miaka ya karibuni itakufungulia, na herufi F haitakuumiza. Intel na NVIDIA huchapisha majedwali yanayoonyesha kila kizazi kinafungua nini. Tafuta jina la kodeki yako, yaani njia iliyobana faili lako, fuata mstari wake. Ukikuta kifaa unachokitaka kinaifungua, nenda kanunue. Usipokuta, funga pochi. Programu nayo uiangalie: toleo la bure la DaVinci Resolve kwenye Linux, kwa mfano, halifungui H.264 wala H.265 hata kidogo, uwe na king'amuzi au usiwe nacho.

Kijana hakurudisha kompyuta. Tulimtengenezea proksi, yaani nakala nyepesi za klipu zilezile kwa kodeki inayohifadhi kila fremu peke yake, kama ProRes Proxy au DNxHR LB, kwa ukubwa wa 1920 kwa 1080. Unahariri kwa nakala. Wakati wa kutoa kazi ya mwisho programu inarudi kwenye faili asilia. Kompyuta iliyoitwa mbovu ikatelezesha taimlaini nzima.

Wapo watakaosema proksi ni upotevu wa muda na nafasi. Muda wa nani? Iache kompyuta itengeneze proksi usiku, wewe umelala. Nafasi utaifuta kazi ikiisha. Wahariri wa filamu kubwa wanatumia proksi, na wana mashine ambazo mimi na wewe tunazisikia tu. Wengine wenu hapa hamhitaji kompyuta mpya kabisa. Jaribuni proksi wiki hii kwenye mashine mliyo nayo, kisha ndipo mniambie kama bado mnataka kununua.

Haya, uhuishaji. Muda unakwenda, nitaharakisha.

Anayefanya uhuishaji wa michoro kwenye After Effects, adui yake ni uhaba wa RAM. Programu inapokuonyesha kazi yako inaweka fremu zilizokwisha kurendwa, yaani kuchorwa na kompyuta hadi mwisho, kwenye RAM, zikiwa hazijabanwa. Piga hesabu pamoja nami: fremu ya 4K, chaneli 4, biti 8, ni kama megabaiti 33. Sekunde 10 kwa fremu 25 ni fremu 250: gigabaiti 8.3. Ukipanda biti 16 kwa kila chaneli, 16.6. Ukipanda biti 32, ni 33.2, kwa sekunde 10 tu, na hapo mfumo wa kompyuta na programu yenyewe bado havijala chochote. Kwa hiyo anayeniambia gigabaiti 16 zinatosha kwa uhuishaji wa 4K, simwelewi. Anza na 32. Ukiweza 64, weka 64, na upunguze kwenye kadi kama ni lazima. Nunua vijiti viwili vinavyofanana, usinunue kimoja, ili RAM ifanye kazi kwa njia mbili. Na ukishaunganisha, ingia BIOS, menyu ya mipangilio ya ubao mama, uwashe XMP au EXPO, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, la sivyo vijiti ulivyovilipia vitakimbia chini ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi.

Wa Blender na wengine wa 3D: ninyi ndio kadi ya michoro inawahusu hasa, na hapo siwazuii kutumia. Lakini tazameni kumbukumbu iliyomo kwenye kadi kabla ya kutazama kasi. Picha moja ya kufunika umbo, ya 4096 kwa 4096, inakula kama megabaiti 67 ikishafunguliwa. Weka 100 kwenye onyesho lako, hilo ni jambo la kawaida sana, tayari umekula gigabaiti 6.7 kabla ya maumbo yenyewe. Kadi ya gigabaiti 8 imejaa. Kadi iliyojaa ama inakataa kurenda, ama inaazima RAM ya kompyuta na kutambaa. Kadi ya kizazi kilichopita yenye kumbukumbu kubwa mara nyingi itakufaa kuliko mpya yenye ndogo. Cycles, injini ya kurenda ya Blender, inarenda kwa kadi za NVIDIA, AMD, Intel na hata chipu za Apple, ila wengi wa wanaoishi kwa Blender wameelekea NVIDIA kwa sababu ya OptiX, teknolojia yake ya kuharakisha kurenda, nami sibishani nao.

Hifadhi. SSD ya NVMe (diski ya kasi) kwa mfumo na kazi inayoendelea, HDD kubwa (diski ya kuzunguka, ya polepole) kwa kazi zilizokwisha. Msibabaishwe na tangazo la megabaiti 7,000 kwa sekunde. ProRes 422 ya 4K kwa fremu 25 inahitaji megabaiti 62 hivi kwa sekunde. Kinachowasumbua ni ujazo: saa moja ya hiyo ni gigabaiti 220. Na diski mbili zenye nakala sawa ndani ya kompyuta moja hazitakuokoa ukifuta faili kwa bahati mbaya. Weka nakala nje ya mashine, na nyingine nje ya nyumba.

Pawa saplai: usinunue ile isiyo na jina. Alama ya 80 Plus inakueleza inapoteza umeme kiasi gani, haikuelezi kama imetengenezwa kwa uangalifu. Skrini: inayofikisha sRGB yote, kile kiwango cha kawaida cha rangi za skrini, vinginevyo utasahihisha rangi ambazo hazina kosa. Nilitaka kusema zaidi kuhusu skrini. Wananionyesha saa.

Swali moja basi. Dada pale mbele. Anauliza kuhusu laptopu.

Kama unahama na kazi, nunua laptopu, hakuna aibu. Lakini angalia mambo mawili. RAM ya laptopu nyingi imegandishwa kwenye ubao mama, haiongezeki; utakayoinunua siku ya kwanza ndiyo utakayokaa nayo, na kwa Apple ni hivyohivyo. Pili, jina la kadi ya laptopu linafanana na la mezani, lakini inapewa umeme kidogo zaidi, kwa hiyo kasi si ileile. Ukipata nafasi ya kuijaribu kabla ya kulipa, usiishie kucheza klipu ya dakika mbili. Nenda na faili zako mwenyewe. Ichomeke kwenye umeme, irende kwa nusu saa, na uandike kasi ya dakika ya kwanza na ya dakika ya thelathini. Kasi ya dakika ya thelathini ndiyo utakayofanya nayo kazi.